Je, Ukristo Ni Dini ya Wazungu? Swali Linaloulizwa Sana Bagamoyo

Ukijulikana kuwa ni Mkristo hapa Bagamoyo, swali hili halikukosi. Utaulizwa kijiweni, utaulizwa msibani mkisubiri mazishi, utaulizwa na mwanao aliyerudi shuleni na daftari la historia mkononi: hii dini si ya wazungu? Si walikuja nayo kwenye meli?

Anayeuliza ana ushahidi wa kuonyesha kwa kidole. Pale Misheni, mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu kutoka Ufaransa walifika mwaka 1868 wakitokea Zanzibar, na tarehe hiyo kila mtembeza wageni wa mji huu anaijua kwa moyo. Ukitoka mjini kilomita chache kuelekea kusini unakuta Kaole, na magofu ya msikiti unaohesabiwa kuwa wa karne ya 13. Kwa macho ya mtu wa pwani, basi, Uislamu ni mwenyeji wa siku nyingi na Ukristo ni mgeni wa juzi.

Swali hili ninalichukua kwa uzito kwa sababu nimeona vijana wakiiacha imani kwa ajili yake. Hawakusoma hoja wakashindwa kuijibu. Waliingiwa na aibu tu, wakadhani wanaabudu Mungu wa watu wengine.

Mwaka 1868 ni mwaka ambao Injili ilifika Bagamoyo kwa mkono wa mapadre wale. Lakini barani Afrika Injili ilikuwa imekwisha kuingia tangu karne ya kwanza.

Fungua Matendo ya Mitume, sura ya 8. Filipo anakutana na mtu wa Kushi, mtunza hazina wa Kandake malkia wa Wakushi, ameketi garini anasoma chuo cha nabii Isaya. Kushi ile ilikuwa nchi ya mto Nile, upande ambao leo ni Sudan. Yule bwana anauliza maswali, anaelezwa, anaona maji, anabatizwa papo hapo, kisha anashika njia ya kwao akifurahi. Paulo bado hajaongoka. Habari ya kuongoka kwake iko sura ya 9. Safari yake ya kuvuka bahari kwenda Makedonia, ndiyo Ulaya, hatuikuti mpaka sura ya 16. Rudi nyuma zaidi: aliyeshurutishwa kumbebea Yesu msalaba alikuwa Simoni wa Kirene, mji uliokuwa katika Libya ya leo. Na Yusufu na Mariamu walipomkimbiza mtoto asiuawe na Herode, walikimbilia Misri. Yesu mwenyewe alikuwa Myahudi wa Nazareti, na hakuna Injili inayosema aliwahi kukanyaga Ulaya.

Nitakawia kidogo kwenye karne zilizofuata, maana ndizo ambazo shuleni hatufundishwi vya kutosha.

Mwaka 203, katika mji wa Karthago, Tunisia ya leo, Wakristo kadhaa walitupwa kwa wanyama wakali mbele ya umati. Kati yao walikuwamo Perpetua, mama kijana aliyekuwa bado ananyonyesha, na Felisita, mtumwa aliyejifungua gerezani siku chache kabla ya kuuawa. Perpetua aliandika habari zake akiwa kifungoni, na maandishi hayo ni miongoni mwa ya kale kabisa ya mwanamke Mkristo yaliyotufikia. Wakatoliki wanaoijua Sala ya Ekaristi ya kwanza wamesikia majina ya wanawake hao mara nyingi. Ni wangapi waliowahi kuambiwa kwamba walikufa katika ardhi ya Afrika?

Karthago hiyohiyo alitoka Tertulliano, mwandishi wa Kikristo ambaye maandishi yake ndiyo ya kwanza kujulikana kutumia neno Utatu kwa Kilatini. Agostino, askofu wa Hippo, alizaliwa mwaka 354 Thagaste, mji ulioko Algeria ya leo. Martin Luther, ambaye jina lake limepewa kanisa kubwa hapa nchini, alikuwa mtawa wa shirika lililofuata kanuni ya Agostino. Mkatoliki na Mlutheri wanaobishana Tanga au Bagamoyo wote wamejifunza kwa mwalimu mmoja, na mwalimu huyo ni mtu wa Afrika Kaskazini.

Wapo wanaosema Biblia ilipangwa na wazungu ili watutawale. Waraka wa kwanza tunaoujua kuorodhesha vitabu 27 vya Agano Jipya, hivihivi tulivyo navyo, bila kuzidi wala kupungua, uliandikwa mwaka 367 na Athanasio, askofu wa Aleksandria, Misri. Orodha hiyo ikapokelewa kwenye mitaguso, yaani mikutano ya maaskofu, ya Hippo mwaka 393 na Karthago mwaka 397. Miji yote mitatu iko Afrika. Wakati huo hapakuwa na Ujerumani, wala Ufaransa, wala Uingereza kama tunavyozijua leo.

Athanasio ndiye pia aliyemweka wakfu Frumentio kuwa askofu wa kwanza wa Aksum, Ethiopia, katika karne ya 4. Mfalme Ezana wa Aksum aliipokea imani, akaondoa ishara ya mwezi na jua kwenye sarafu zake akaweka msalaba. Sasa linganisha na Ulaya ya kaskazini, iliyokuja kututawala. Watawa waliotumwa kutoka Roma kuwahubiria Waingereza walishuka Kent mwaka 597, ndipo mfalme Ethelbert akabatizwa. Ni kweli kwamba Wakristo walikuwako kisiwani humo tangu siku za utawala wa Kirumi, lakini Waingereza wenyewe waliletewa dini na wageni, zaidi ya miaka 200 baada ya Ezana. Na Wajerumani? Katika karne ya 8 mmisionari kutoka Uingereza aitwaye Bonifasi aliukata mti mkubwa ambao watu wa huko waliuheshimu kuwa wa mungu wao wa radi. Babu zao waliabudu penye miti, na aliyewahubiria alikuwa mgeni. Aliyesema mbele yao kwamba hii ni dini ya kigeni angekuwa amesema kweli kabisa.

Basi kwa nini tukasahau? Kanisa la Afrika Kaskazini lilidhoofishwa na mafarakano ya ndani na vita, na baada ya utawala wa Kiarabu wa karne ya 7 lilififia taratibu. Falme za Kikristo za Nubia, kwenye mto Nile katika Sudan ya leo, zilidumu mpaka kwenye karne ya 15 hivi, nazo zikaanguka. Wakopti wa Misri na Waethiopia hawajakatika mpaka leo, lakini hawakuwa wao waliotufikia pwani hii. Waliotufikia walikuwa Wazungu, na walikuja na picha zao. Naamini picha ndizo zilizotuharibia zaidi. Yesu wa kwenye kalenda, mwenye nywele za dhahabu na macho ya buluu, ananing'inia sebuleni kwa nusu ya Wakristo ninaowajua, na mtoto akimtazama kila siku atahitimisha nini? Wanubi waliona tofauti. Katika kanisa la Faras, ambalo michoro yake iliokolewa miaka ya 1960 kabla maji ya bwawa la Aswan hayajalifunika, askofu Petro wa mji ule amechorwa na uso wa kahawia, na Mtume Petro amesimama nyuma yake akimlinda.

Sasa pingamizi zito zaidi. Kuna msemo unaojulikana Afrika nzima, kwamba walikuja na Biblia tukiwa na ardhi, tukafumba macho kusali, tulipofumbua wao wana ardhi na sisi tuna Biblia. Msemo huu una uchungu wa kweli na sitaukejeli. Wapo wamisionari waliofanya kazi bega kwa bega na serikali za kikoloni. Hata hapa Misheni, watoto waliokombolewa utumwani walilelewa kwa nidhamu kali na kazi nyingi za shamba, na wapo waliotoroka. Anayetetea Ukristo kwa kuficha mambo haya anaudhuru.

Lakini tarehe nazo zisemwe. Mapadre walijenga hapa wakati pwani iko chini ya Sultani wa Zanzibar, miaka 20 kabla kampuni ya Kijerumani haijachukua utawala wa pwani na Abushiri hajainua silaha mwaka 1888. Vita hivyo vilipowaka, maelfu ya watu walikimbilia Misheni kuokoa roho zao.

Kuhusu utumwa, kuna kitabu kimoja ambacho kingestahili kujulikana na kila anayeuliza swali hili. Mwaka 1807 huko London ilichapwa Biblia maalumu kwa ajili ya watumwa wa visiwa vya Karibi vilivyotawaliwa na Waingereza. Ilikuwa imekatwa. Habari ya Waisraeli kutoka utumwani Misri iliondolewa. Maneno ya Paulo kwa Wagalatia kwamba katika Kristo hakuna mtumwa wala huru yaliondolewa. Sehemu kubwa ya Agano la Kale haikuwamo kabisa. Jiulize kwa nini mtu akate kitabu ambacho kinamsaidia. Waliokikata walijua vizuri kwamba mtumwa akikisoma chote, hatabaki yuleyule. Kwangu mimi hii ni hoja yenye nguvu kuliko mahubiri mengi: uovu ulifanywa na watu waliojiita Wakristo, na Maandiko yaliwashtaki wao wenyewe mpaka wakayaogopa.

Na tuangalie waliobeba imani hii hapa kwetu walikuwa nani. Mei 1873 David Livingstone, mmisionari na mpelelezi kutoka Uskoti, alifariki katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo. Aliyesoma sala ya maziko moyo wake ulipozikwa chini ya mti alikuwa Jacob Wainwright, Mwafrika aliyekombolewa utumwani na kusomeshwa India. Yeye, pamoja na Susi na Chuma, watumishi wa Livingstone, na wenzao wakaubeba mwili kwa miguu mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874, ukalazwa Misheni kabla ya kuvushwa Zanzibar. Kutoka hapa familia za Wakristo waliokuwa watumwa zilikwenda kuanzisha vijiji vipya bara, kama Mhonda mwaka 1877. Kwa upande wa Waanglikana, John Swedi, aliyekombolewa utumwani akiwa mtoto, akawa shemasi mwaka 1879, na Cecil Majaliwa akawa padre mwaka 1890. Mzungu alikuwa na meli, ndiyo, lakini vijijini neno lilifika kwa miguu ya makatekista weusi. Muhogo nao uliletwa na meli za Wareno kutoka Amerika ya Kusini, na sijasikia mtu wa pwani akiukataa kwa kuwa ni chakula cha Mreno.

Ndugu zangu Waislamu wa hapa wanalielewa hili vizuri. Mzee wa Kaole ukimwambia dini yake ni ya Waarabu atakukatalia, na ana haki ya kukataa, kwa sababu yeye anaamini ni ujumbe kwa watu wote. Mkristo anadai hivyohivyo kuhusu Injili. Tunatofautiana katika mambo makubwa, na tofauti hizo zinafaa kujadiliwa zenyewe, bila kuuliza nani alishuka bandarini kwanza.

Maana historia yote hii haithibitishi kwamba Ukristo ni kweli. Inaondoa pingamizi moja tu. Kama Yesu hakufufuka, Ezana alikosea na Agostino alikosea, na Uafrika wao hautusaidii kitu. Paulo alilisema hilo waziwazi kwa Wakorintho, sura ya 15 ya waraka wa kwanza: kama Kristo hakufufuka, imani yenu ni bure. Aliandika katikati ya miaka ya 50, kama miaka 25 tu baada ya msalaba, akataja kwa majina baadhi ya waliomwona, akaongeza kwamba katika zaidi ya mia tano waliomwona pamoja, walio wengi bado wako hai. Kwa maneno mengine, aliwapa wasomaji wake watu wa kwenda kuwauliza. Dai la namna hiyo linaweza kuchunguzwa na mtu wa rangi yoyote, na hapo ndipo ningependa kijana wa Bagamoyo mwenye mashaka aanzie.