Fowili inayozurura barabarani: alaimenti ni nini hasa na uanzie wapi kuangalia

Usukani usipotulia kila mtu anakwambia "hiyo inataka alaimenti", unaipeleka kwenye mashine, unalipa, unatoka na gari ile ile. Kwa gari ndogo ya kawaida hiyo wakati mwingine inamaliza tatizo. Ila kwa fowili (gari inayosukumwa na magurudumu yote manne) iliyonyanyuliwa, yenye tairi kubwa, ambayo imeshapigwa mawe na mashimo ya kutosha, alaimenti ndio kitu cha mwisho kwenye foleni na sio cha kwanza, sababu mashine inapima pembe za magurudumu gari ikiwa imesimama, sasa kama kuna jointi imelegea basi ile pembe uliyopimiwa ni ya dakika ile tu, ukitoka getini ukadumbukia kwenye shimo moja gurudumu limeshakaa kivingine. Karatasi inasema kila kitu kiko sawa na gari bado inatangatanga.

Alaimenti yenyewe ni pembe tatu. Tou ni vile tairi za mbele zinavyotazamana ukiziangalia kutoka juu, yaani kwa mbele zimebanana kidogo au zimeachana. Kemba ni gurudumu kulala ndani au nje ukiliangalia kutoka mbele ya gari. Ya tatu ni kasta, na hii ndio watu wengi hawaijui na ndio inayowatesa zaidi wenye fowili: ukitazama gari kwa ubavuni, ule mhimili ambao gurudumu linazungukia ukikata kona haujasimama wima, kwa juu umelala nyuma kidogo, kama uma wa mbele wa baiskeli. Kasta ndio inayorudisha usukani katikati wenyewe ukimaliza kona na ndio inayofanya gari ishike mstari kwenye mwendo. Ikipungua usukani unakuwa mwepesi, unakata kona halafu haurudi mpaka uurudishe wewe, na barabara nyoofu inakuwa kazi ya kusahihisha kushoto kulia muda wote.

Kabla hujalala chini ya gari jiulize kwanza inafanya nini hasa, maana watu wanachanganya malalamiko manne tofauti na kuyaita jina moja. Kuvuta ni gari kwenda upande mmoja ule ule kila ukiachia usukani. Kuzurura ni kwenda popote, mara huku mara kule, haina upande. Kutikisika ni usukani kucheza kwa kasi mikononi, kwenye ekseli nzima (mhimili mmoja wa chuma unaounganisha gurudumu la kushoto na la kulia) inaweza kuwa mtetemo wa kutisha ambao hauishi mpaka upunguze mwendo kabisa. Ya nne ni usukani kukaa upande wakati gari inaenda moja kwa moja. Hayo manne yana sababu zinazoingiliana kidogo lakini ukianza na lisilo lako utabadilisha vipuri vizima.

Kuvuta ndio rahisi kuliko yote. Pima upepo tairi zote zikiwa baridi, halafu hamisha tairi za mbele, ya kushoto iende kulia na ya kulia ije kushoto (kama tairi zako zina mshale wa mwelekeo usiendeshe hivyo muda mrefu, ni jaribio tu). Mvuto ukihama upande, tairi ndio yenye kesi, hakuna mashine itakayoponya hiyo. Usipohama, endesha kidogo kisha sogeza mkono karibu na kila rimu usikie joto, moja ikiwa ya moto kuliko wenzake breki yake inashika. Baada ya hapo ndio ufikirie pembe, na hapa kuna kitu kinawashangaza watu, tou ya mbele ikiharibika kwa kawaida gari haivuti, inakula tairi na usukani unakaa vibaya, kinachovuta ni tofauti ya kasta au kemba kati ya upande mmoja na mwingine. Gari inaelekea upande wenye kasta ndogo. Na usisahau barabara yenyewe ina mgongo, imemwagwa katikati juu pembeni chini ili maji yatoke, kwa hiyo kuvuta kidogo kuelekea pembeni sio ugonjwa.

Kuzurura ndio penye kazi. Hapa unatafuta vitu viwili tu, kulegea au kasta iliyopotea, na mara nyingi ni vyote kwa pamoja.

Kulegea kunatafutwa na watu wawili. Gari imekaa chini kwa magurudumu yake, sio kwenye jeki, breki ya mkono imevutwa na tairi za nyuma zimewekewa vizuizi, injini inanguruma ili pawa stelingi ifanye kazi, mmoja anachezesha usukani kushoto kulia haraka haraka kwa robo ya mzunguko na mwingine yuko chini anaangalia jointi moja moja, anaweka na vidole juu yake, kuanzia stelingi boksi (boksi la gia linalogeuza mzunguko wa usukani kuwa msukumo wa fimbo) ilivyofungwa kwenye chesisi mpaka kwenye gurudumu. Unachotafuta ni mahali ambapo upande mmoja wa jointi umesogea na wa pili umechelewa. Tairodi endi, zile jointi za mwisho wa fimbo za usukani, ndio kila mtu anaangalia, sawa, ila kwenye gari zenye ekseli nzima mbele na springi za koili, mfano Land Cruiser 80, Defender ya zamani, Patrol Y61 au Jimny, angalia sana ile fimbo ya kulala inayoshika ekseli isihame kushoto kulia, mafundi wengine wanaiita panadi rodi. Bushi zake (mipira ya ndani ya matundu ya ncha zake) zikilegea au tundu la boliti likipanuka, ukikata usukani ekseli ndio inahama kwanza na magurudumu yanafuata baadaye. Unaweza kubadilisha tairodi zote na hiyo ikabaki.

Kisha nyanyua gurudumu moja, shika juu na chini ulitikise, halafu shika kushoto na kulia utikise tena. Likicheza pande zote ni beringi ya gurudumu, likicheza juu na chini tu ni kingpini au boljointi (pale gurudumu linapozungukia ukikata kona), likicheza kushoto kulia tu ni upande wa tairodi. Mwambie mtu akanyage breki wakati unatikisa, mchezo ukiisha ilikuwa beringi, ukibaki ni kingpini. Kwa gari za springi zile za mabamba yaliyopangwa ongeza kuangalia yuboliti (boliti za umbo la U zinazofunga ekseli kwenye springi) na ile boliti ya katikati ya springi, ikikatika ekseli inateleza juu ya springi na huwezi kuiona ukiwa umesimama.

Sasa kasta. Kwenye hizo gari za koili nilizotaja ekseli inashikwa na mikono miwili inayorudi nyuma kwenye chesisi. Ukinyanyua bodi, ule mwisho wa nyuma wa mkono unapanda na ekseli inazunguka mbele, kasta inapungua. Chukua mkono wa sentimita 90, nyanyua sentimita 5, hesabu inatoa kama digrii 3. Gari nyingi za aina hii zinatoka kiwandani na digrii chache tu, kwa hiyo hiyo inchi mbili uliyonyanyua ili ipendeze inaweza kuwa imekula karibu kasta yote. Mbaya zaidi ni mtu kunyanyua nyuma kuliko mbele, maana gari yote inainama mbele na kasta inazidi kupotea. Upande wa pili, ukijaza mzigo nyuma mkia ukashuka kasta inaongezeka kidogo lakini uzito unahama kutoka tairi za mbele na gari inazurura kwa sababu nyingine kabisa. Tiba ya kasta kwenye ekseli nzima sio kukaza nati, ni kipuri: bushi zenye tundu lililohamishwa pembeni, pleti za kushusha mikono, au mikono mipya yenye pembe yake, na kwa springi za mabamba ni kabari ya chuma kati ya springi na ekseli.

Tou unaweza kuipima mwenyewe kwa utepe. Zungusha kila tairi ya mbele huku umeshikilia chaki au msumari katikati ya kashata zake (vile vipande vya mpira vinavyogusa barabara) upate mstari ulionyooka, shusha gari, isukume mbele kidogo itulie, kisha pima kati ya mistari kwa mbele na kwa nyuma, kimo kile kile cha kitovu cha gurudumu. Nyingi zinataka mbele iwe ndogo kwa milimita 1 mpaka 3, ila fuata kitabu cha gari yako sio maneno ya mtu, Defender ya zamani ya koili kwa mfano inataka kinyume, mbele ziachane milimita 0 mpaka 2. Tairi nayo inakusimulia: pitisha kiganja kwa kukatiza kashata, ukihisi meno makali upande mmoja na laini ukirudisha mkono, tou imeharibika. Ikiliwa ukingo mmoja bila meno ni kemba, na kwenye ekseli nzima kemba haina pa kurekebishia kwa kawaida, kwa hiyo ujue kingpini imekufa au ekseli imepinda.

Usukani uliokaa upande baada ya kunyanyua gari unarekebishwa kwenye fimbo inayotoka stelingi boksi kwenda gurudumuni, basi. Fundi akitaka kuchomoa usukani na kuurudisha umenyooka mzuie. Stelingi boksi ya aina hii imebana katikati yake tu, ukiacha fimbo haiko sawa gari inaenda moja kwa moja huku boksi ikiwa nje ya katikati, pale ambapo inacheza kwa asili yake, na umejitengenezea kuzurura. Na ile skrubu ya juu ya boksi wanayokimbilia kuikaza, ikikazwa kupita kiasi usukani unakwama ulipouacha na meno ya ndani yanaliwa. Shokapu ya stelingi ni hadithi hiyo hiyo, mpya inaficha mtetemo miezi kadhaa, jointi zinaendelea kufa chini yake.

Kabla ya yote hayo lakini, upepo. Umeshusha mpaka psi 15 mchangani, umerudi lami hukujaza, gari lazima izurure, tairi ina mashavu laini. Tairi za matope zenye kashata kubwa nazo zinatangatanga kidogo hata zikiwa mpya, na rimu zilizotokeza nje sana zinafanya kila mfereji wa barabara uukamate usukani.

Nyuma wengi hawaangalii. Pima kitovu cha gurudumu la mbele mpaka la nyuma, kushoto na kulia, usukani ukiwa umenyooka. Zikipishana zaidi ya milimita chache ekseli moja imekaa mshazari, na kama ni ya nyuma gari itakuwa inatembea kiubavu na usukani umekatwa kidogo muda wote.

Ukishakaza vyote ndio uende kwenye mashine, na uende na gari ilivyo siku zote, kama unatembea na rafu ya mizigo na tangi la maji usivishushe. Waambie wakupe kasta kwenye karatasi hata kama hawawezi kuigusa, maana fundi wengi wakiona ekseli nzima wanarekebisha tou tu na kufunga kazi. Boliti za bushi mpya zikazwe gari ikiwa imekaa kwa magurudumu yake, sio ikiwa inaning'inia kwenye jeki, vinginevyo bushi inajikunja na kuchanika mapema, halafu zikague tena baada ya safari ya kwanza ya njia mbovu.