"Sanction": neno moja la Kiingereza, adhabu na idhini

Neno la Kiingereza "sanction" lina maana mbili zinazopingana, yaani adhabu na idhini, na mfasiri anayelichukua kwa mazoea anaweza kuandika kwamba baraza limeadhibu jambo ambalo kwa kweli limelibariki.

Chanzo cha maana zote mbili ni kimoja. Katika sheria za Kirumi, neno la Kilatini "sanctio" lilitaja sehemu ya sheria iliyoeleza adhabu ya atakayeivunja, nalo limetokana na kitenzi chenye maana ya kuifanya sheria iwe thabiti na isiyoguswa. Anayeipa sheria nguvu na anayemwadhibu mvunjaji wake, basi, wanafanya kazi ileile.

Likitumika kama kitenzi, tazama kinachotendwa. Ukisoma "sanctioned the plan", mpango umeidhinishwa. Ukisoma "sanctioned the player", mchezaji ameadhibiwa. Kwa kawaida kitendo huidhinishwa, ilhali mtu, kampuni au nchi huadhibiwa.

Nomino ya wingi, "sanctions", karibu kila mara ni adhabu, na katika habari za kimataifa tumezoea kuiita vikwazo. Neno hilo limeshakubalika, ingawa kwangu linabeba nusu tu ya maana: kikwazo ni kitu cha kujikwaa, hakisemi kwamba aliyewekewa amekosa. Mwaka 1935 Shirikisho la Mataifa, lililotangulia Umoja wa Mataifa, liliiwekea Italia vikwazo kwa kuivamia Ethiopia, lakini mafuta, ambayo jeshi la Italia liliyahitaji mno, hayakuguswa. Addis Ababa ikatekwa Mei 1936, na miezi miwili baadaye vikwazo vikaondolewa. Hapo palikuwa na kosa lililotamkwa wazi, ila adhabu haikuuma.

Kwa upande mwingine, Kifungu cha 41 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa, ambacho ndicho msingi wa vikwazo vya Baraza la Usalama, hakilitumii kabisa neno "sanctions". Kinataja hatua zisizohusisha matumizi ya nguvu za kijeshi. Katika muktadha huo, neno vikwazo, kwa kutotaja kosa, limekaa vizuri kuliko adhabu.

Nje ya uhusiano wa nchi na nchi, neno vikwazo halifai. Mwanariadha aliyefungiwa miaka miwili, au mfanyakazi aliyepewa onyo la maandishi, hajawekewa vikwazo: amepewa adhabu, au, kwa lugha ya ofisini, amechukuliwa hatua za kinidhamu.