Dirisha imevunjika: vitu tunaambiana Goma, na ukweli wake

Hapa kwetu Goma madirisha inavunjika kwa sababu mingi, si mwizi peke yake. Mei 2021 volkano yetu Nyiragongo ilitema moto, kisha udongo ukatetemeka siku na siku, kuta zikapasuka na vitri zikaanguka hata ku nyumba zenye lava haikufika karibu. Januari 2025 ikawa ni vita, mabomu na risasi. Katikati ya hapo kuna mpira ya watoto, upepo, bwana na bibi wenye walikosana (tusiseme mingi). Na kila mara, kesho yake unasikia nyundo avenue nzima, kila mutu anaziba vile jirani alimwambia, na jirani naye aliambiwa na shemeji yake.

Shida ni kwamba watu wanashika nyundo mbele ya kujiuliza wanazuia nini. Kuna mvua, kuna vipande vya vitri vyenye vinaweza kukuangukia, na kuna mutu mwenye anataka kuingia. Kitu chenye kinazuia moja si lazima kizuie ingine, na karibu makosa yote niko naona inatokea pale.

"Pigilia bashi, imeisha"

Haijaisha. Bashi, ile plastiki kubwa, ama shitingi kama unapenda kuiita vile, inazuia mvua na macho ya wapita njia. Mutu haimzuii, wembe moja na amekwisha ingia. Kama dirisha iko juu ku etaji sawa, lala nayo mpaka asubuhi, lakini kama iko chini kando ya barabara basi bashi yako inamwambia mwizi kama hapa nyuma hakuna kitu.

Na hata hiyo mvua, wengi wanaiweka vibaya. Wanapigilia musumari moja kwa moja mu bashi, usiku upepo wa ziwa unaanza kuvuta, musumari unakata tundu, tundu inakuwa mstari, saa tisa za usiku bashi inapigapiga ukuta na kitanda kimeloana. Kunja ukingo wa bashi mara mbili ama tatu, ulaze juu yake kipande cha lati, kisha musumari upite mu lati ndiyo bashi ikamatwe kati ya mbao mbili. Weka kwa inje, ianzie juu kabisa ya dirisha na chini ipite kizingiti. Ukiiweka kwa ndani maji inaingia mpaka ku kizingiti, inabaki pale imelala, halafu inashuka mu salo pole pole na wewe unafikiri ni toli ya nyumba inavuja.

"Bandika skochi ya msalaba, vitri haitavunjika"

Hii ilizunguka sana Januari 2025, na si sisi peke yetu, hata Marekani mbele ya tufani watu wanaifanya kila mwaka na wakubwa wa hali ya hewa kule wanawaambia kila mwaka waache. Skochi haiongezi nguvu ya vitri hata kidogo. Pigo likifika, vitri inavunjika vilevile, tofauti ni kama vipande vingine vinabaki vimeshikana vikubwa vikubwa, na kipande kikubwa kikikuangukia ni kibaya kuliko kidogo. Kuna plastiki maalum yenye inabandikwa ku vitri nzima mpaka ku kona, ile inashika vipande kweli, lakini ile si skochi ya msalaba. Kazi ya haki ya skochi ni moja: vitri imekwisha pasuka lakini ingali imesimama, unaifunika na skochi yote pande mbili ili isikuangukie wakati unatafuta mbao.

Chenye kinasaidia zaidi ni kukaa mbali na dirisha. Najua ni vigumu, mwangaza ukitokea inje kila mutu anataka kuona. Tarehe 15 Februari 2013 kule Chelyabinsk, Urusi, kimondo kilipasuka juu ya mji, watu wakaona mwangaza mukubwa, wakasimama ku madirisha kuangalia. Mwangaza unafika papo hapo, mshindo unatembea pole, sauti inafanya karibu mita 340 kwa sekunde, basi zaidi ya dakika moja ikapita ndiyo pigo likafika na kuwavunjia vitri usoni. Watu karibu 1500 walitafuta daktari, wengi kwa sababu ya vitri. Na ilikuwa baridi ya kugandisha maji, wakaanza kuziba na plastiki na mbao siku ileile. Donki ukiona mwangaza mbele ya kusikia mlio, shuka chini, geuza uso, dirisha utaiangalia baadaye.

"Toa vipande vyenye vimelegea, vingine acha"

Hapana. Mbele ya kuziba, vyote vitoke, kwa sababu ukipigilia mbao ukuta unatikisika na vile ulivyoacha vinashuka. Na watu wanaanza chini kwa sababu ndipo mukono inafika. Anza juu. Kipande chenye kimebaki ku kadri ya juu kinashikwa na mastiki ya zamani tu, kavu kama mkate wa juzi, wewe ukiwa unachokora chini mikono yako na shingo viko palepale chini yake. Vaa viatu vya kufunga, nguo ya mikono mirefu, gwanti nzito, miwani ya aina yoyote. Simama kando, shika kipande, kitikise kwa inje na ndani mpaka mastiki iachie, kivute, kiweke mu ndoo si mu sashe. Vile vidogo vya chini fagio inaviacha: zima taa, laza tochi ku simenti, vyote vitang'aa, okota na gazeti iliyoloana.

Ukijikata na kipande kikabaki ndani sana, usikivute. Funga kitambaa pembeni yake, kaza, enda ku sante na uulize sindano ya pepopunda. Watu wanakivuta juu kinatisha, na hapo ndiyo damu inatoka kweli.

"Triplex ni triplex"

Ile ya milimita 4 yenye wanafanyia plafo, teke moja inatoboka. Inafaa kuziba upepo tu. Kwa kuzuia mutu chukua milimita 12 kwenda juu, na kule kwa wenye wanaziba juu ya tufani wanapenda kama 16. Bale moja, ni kusema triplex nzima, iko ya mita 1,22 kwa 2,44, inatosha madirisha mawili ya kawaida ukipanga vizuri. Kata ipite tundu ya dirisha karibu santimita 10 kila upande, usikate sawasawa na tundu, kwa sababu ikiwa sawasawa hauna pa kushikilia.

"Misumari ya inchi ine, hakuna mwenye atang'oa"

Hapa nakaa kidogo, juu ndipo pesa ya watu inaishia bure. Musumari uko na nguvu ukisukumwa pembeni, lakini ukivutwa moja kwa moja unatoka, na mwizi haji kusukuma, anakuja na chuma anaingiza nyuma ya mbao anavuta. Visi inashika zaidi kwa sababu ya meno yake. Lakini visi nayo, kama kichwa iko inje, mutu mwenye iko na turunevisi anaifungua pole pole akiimba.

Na kuta zetu ziko na tabia yake. Nyumba ya mawe ya volkano, jiwe lenyewe ni gumu, simenti ya katikati ni ya bahati, ukipiga musumari unaruka, ukitoboa na perseze ncha inapotea njia na kipande kizima cha krepi kinashuka. Kona za dirisha ndiyo mbaya zaidi, nyufa zinaanziaga pale, na baada ya tetemeko zimekwisha choka, usitoboe pale hata ukiona ni karibu. Nyumba ya mbao nayo, ukifungia triplex ku maplanshi peke yake umefungia ku kitu chembamba, tafuta shevro yenye iko nyuma, fungia pale.

Namna yenye haitobowi ukuta kabisa ni hii, na sijui kwa nini mafundi wetu hawaifanyi mara mingi. Triplex inakaa kwa inje. Kwa ndani unalaza shevro mbili zenye kupita tundu ya dirisha, moja karibu na juu, moja karibu na chini, zinaegamia ukuta wa ndani pande zote. Kisha buloni ndefu zenye kichwa cha duara, laini, zinatoka inje zinapita triplex na shevro, rondele na ekru zinafungiwa ndani. Inje hakuna pa kushika na ufunguo, ndani wewe unafungua na ufunguo moja ukitaka kutoka. Ukuta umebanwa katikati kama sandwishi, hakuna tundu hata moja.

Kama dirisha iko na antivoli, zile chuma za kuzuia mwizi, ni rahisi zaidi: mbao inakaa kwa ndani ya antivoli, unatoboa tundu mbili mbili, unapitisha waya ile ya kufungia fera beto, unasokota na pensi kwa ndani. Dakika kumi. Usimwite suderi usiku aje kuchomelea toli ku antivoli, unalipa bei ya usiku na kesho utamlipa tena akate.

"Mulango umevunjwa, badilisha kadena"

Angalia kwanza nini kilivunjika. Mulango ukipigwa teke, mara mingi si mulango wenyewe unakufa, ni ile pande ya kadri yenye gashi (chuma yenye inapokea ulimi wa seriri) imefungiwa, na visi zake mbili fupi za santimita mbili. Unaweka kadena ya dola ishirini ku ile mbao iliyopasuka na teke lingine linatosha. Kwa usiku wa kwanza funga kipande cha chuma ama mbao ngumu ku kadri, visi ndefu zenye kupita kadri mpaka ku ukuta, santimita 8 ama 10, kisha ndani weka ubao wa kukingama mu vikamata viwili. Ule ubao wa koko zetu wa zamani unashinda seriri mingi za leo. Na kama kadena inakaa ku chuma yenye visi zake zinaonekana inje, toa visi, weka buloni, ekru ndani.

Usipigilie mulango pekee wa nyumba kutoka inje eti "tutalala kwa jirani", halafu baba anarudi kulala ndani akipita dirishani. Na usizibe madirisha yote ku nyumba yenye antivoli kila mahali. Mu nyumba za mbao, za hapa sawa na za Kadutu kule Bukavu, moto haukupi muda wa kutafuta ufunguo. Dirisha moja ku kila pande ya kulala ifunguke kwa ndani bila fundi.

"Tumeziba vizuri, sasa tuingize mbabula tupate joto"

Hii inaua. Nyumba yenye vitri mbovu ilikuwa inapumua bila wewe kujua, umeziba na bashi na triplex, hewa imekwisha, halafu mvua inanyesha na mama anaingiza mbabula ya makala. Monoksidi ya kaboni haina harufu, haina rangi, kichwa kinauma, unasikia usingizi, unafikiri ni uchovu. Watu wanasema "hakuna moshi, makala imekwisha shika vizuri", na hapo ndiyo inatoa hiyo hewa bila kukuonya. Gurupu ya umeme ni vilevile, hata ku baraza si mbali ya kutosha kama bashi imelegea.

Wengine wanachanganya na mazuku. Mazuku inatoka mu udongo, ni hewa nzito, inakaa mahali pa chini, pande za Bulengo na Lac Vert wanaijua. Hewa ya makala haikai chini, inajaa chumba kizima, kulala ku kitanda cha juu hakukusaidii. Acha tundu ya hewa juu, na mbabula inje. Na wenye wako pande za mazuku wasizibe kabisa tundu za chini eti juu ya baridi.

"Mulango haufungi tena, piga randa"

Kama ulikuwa unafunga jana na tetemeko limepita usiku, mulango haukukua. Kadri imepinda, na kadri imepinda kwa sababu ukuta umesogea. Ukipiga randa umeficha alama yenye ilikuwa inakuambia kitu. Angalia kona za juu, kama kuna ufa wa kwenda mshazari wenye kidole kinaingia, usipigilie kitu pale, usilale pale, tafuta mutu wa ujenzi aangalie. Nyumba ya hivyo ukiiziba, ziba juu ya mvua na uondoke.

Bayeri na lokateri: piga foto mbele ya kuziba, za ndani na za inje, na foto ya fakitire ya kenkayeri. Mutu aliyeziba kwanza na kuongea baadaye ndiye anabishana ku garanti ya nyumba.

Mwisho ni vitri mpya, na hapo fundi anakuja anapima mara moja na anasema "najua hiyo". Kadri zetu za chuma zilichomelewa kwa jicho na zimetikiswa mara ngapi sasa, hakuna yenye iko sawa. Apime juu, katikati na chini, kisha upande, katikati, upande, achukue kipimo kidogo zaidi na atoe milimita 3 tena, juu vitri yenye imebanwa na chuma inapasuka peke yake jua likipiga. Uliza kama ni milimita 3 ama 4, ku dirisha kubwa kataa ya 3. Mastiki ya zamani ikwanguliwe yote, si kupakaa mpya juu yake. Akikuambia hiyo ni kupoteza wakati, mulipe usafiri wake, tafuta mwingine, triplex ingali inasimama.