Kwa nini saruji ya Pongwe bado inapanda lori: hesabu za reli ya Tanga

Tangu Bandari ya Tanga ichimbwe na kujengewa gati mpya, swali moja nalisikia kila mahali, kuanzia vibaraza vya Ngamiani hadi ofisi za mawakala wa forodha: reli ipo, inaingia mpaka bandarini, inafika hadi Arusha, sasa malori yote haya ya nini? Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kupanga mizigo ya reli na ya barabara, na swali hili nalipenda kwa sababu wengi wanaouliza hawana nia ya kulaumu, wanataka kuelewa. Jibu fupi ni kwamba treni humshinda lori kwa bei pale tu inapokuwa na tani nyingi, kila wiki bila kukatika, na zikiwepo za kwenda na za kurudi. Jibu refu linataka kikombe cha kahawa chungu na subira kidogo.

Anza na kitu ambacho abiria hakioni. Reli ina gharama zisizojali kama treni imepita au haijapita. Tuta lazima litunzwe, kokoto ziongezwe, mataruma yaliyooza yabadilishwe, makalvati yazibuliwe kabla ya masika. Mvua ikikata tuta upande wa Korogwe, haiulizi ratiba. Magenge ya mafundi wa njia, wapanga ishara, wakuu wa stesheni, wote wanalipwa mwisho wa mwezi. Tuchukue namba za mfano tu: njia inakula shilingi bilioni 20 kwa mwaka ili iwe hai. Ukipitisha tani 100,000, kila tani inabeba mzigo wa shilingi 200,000 kabla hujanunua hata lita moja ya dizeli. Ukipitisha tani milioni 1, kila tani inabeba 20,000. Njia ni ileile, mafundi ni walewale. Kilichobadilika ni wingi wa shehena tu, na bei imeshuka mara kumi.

Lori halina shida hiyo. Barabara haikujengwa na mwenye lori. Yeye huichangia kidogokidogo kila anapojaza mafuta. Asipopata mzigo, analaza gari na gharama zake nyingi zinalala nalo. Ndiyo maana mtu mwenye lori moja anaweza kuanza biashara kesho asubuhi, lakini hakuna anayeanza reli kidogokidogo.

Historia ya Tanga inalionyesha hili waziwazi. Reli ya kwanza ya Tanzania Bara ilianza kujengwa hapa Tanga mwaka 1893 na kampuni binafsi ya Wajerumani. Ilifika Muheza mwaka 1896, mwendo wa kilomita 40 hivi, fedha zikaisha. Mwaka 1899 serikali ya kikoloni ikaichukua. Ikafika Korogwe 1902, Mombo 1905, Moshi 1911. Waingereza wakaifikisha Arusha mwaka 1929. Sasa tazama mwaka ule wa 1893 kwa jicho jingine: ndio mwaka Richard Hindorf alipoleta miche ya mkonge katika nchi hii. Mkonge na reli ni mapacha waliozaliwa mwaka mmoja, na mmoja ndiye aliyemlisha mwenzake.

Hapa napenda kukaa kidogo, kwa sababu sijaona mfano bora wa mzigo wa reli. Jani la mkonge ni maji na makapi. Katani, yaani nyuzi zinazotoka, ni takriban asilimia 4 tu ya uzito wake. Hakuna mwenye akili atakayesafirisha majani mabichi hadi Tanga mjini. Kwa hiyo korona ya kukoboa ilijengwa ndani ya shamba, na ndani ya shamba hilo vijireli vyembamba vikavuta majani kutoka vitaluni hadi koronani. Katani ikakaushwa, ikapigwa brashi, ikafungwa marobota ya kilo 250. Marobota yakapakiwa kwenye behewa lililosimama kwenye njia ya pembeni, palepale shambani. Kuanzia Ngomeni na Muheza hadi Hale, Korogwe na Mombo, mashamba yalikuwa kandokando ya njia. Hakuna kupakua na kupakia tena barabarani. Mzigo unatoka mwaka mzima, haungoji msimu kama mahindi, na wote unakwenda bandari moja. Mwaka 1964 Tanzania ilizalisha tani zipatazo 230,000 za katani, nyingi zaidi kuliko nchi nyingine yoyote duniani, na sehemu kubwa ilikuwa ya mkoa huu. Kamba za plastiki zilipoliangusha soko, kilichoanguka si shamba peke yake. Gharama ya njia ilibaki, ila aliyekuwa akiilipa alikuwa ameondoka.

Wengi huniambia: basi kuna kahawa ya Kilimanjaro. Kahawa ni bidhaa ya heshima, lakini kwa reli haishibishi. Mavuno ya Tanzania nzima kwa mwaka ni makumi ya maelfu ya tani. Tuseme 60,000. Treni moja ya mabehewa 20, kila behewa likibeba tani 40, inachukua tani 800. Kahawa yote ya nchi, ukiiweka pamoja na ile ya Kagera, Mbinga na Mbozi ambayo haipiti huku kabisa, ni treni 75 kwa mwaka. Hazifiki hata mbili kwa wiki. Thamani ya mzigo humtajirisha mfanyabiashara. Reli inataka uzito.

Uzito tulio nao ni saruji. Kiwanda cha saruji cha Pongwe, nje kidogo ya Tanga mjini, kiko karibu na njia, bidhaa ni nzito, bei yake kwa kilo ni ndogo, na wanunuzi wa kaskazini wanaihitaji mwaka mzima. Si ajabu kwamba treni za mizigo ziliporudi Moshi mwaka 2019 na Arusha mwaka 2020, baada ya njia kulala kwa zaidi ya muongo mmoja, macho yote yalielekea kwenye saruji. Sasa kwa nini bado tunayaona malori?

Sababu ya kwanza ni mkono wa pili. Lori linapakia kiwandani na kushusha mlangoni kwa mwenye duka, iwe Usa River au Ngaramtoni. Treni inaishia stesheni. Pale mfuko unashushwa, unapakiwa kwenye gari dogo, unashushwa tena. Wapakiaji wanalipwa mara mbili, na mifuko inayopasuka inaongezeka. Gharama hiyo ya kushika mzigo ni ileile uwe umesafiri kilomita 80 au 1,000. Kwa hiyo Tanga hadi Korogwe treni haina nafasi, na sitaki mtu apoteze muda kuijaribu. Tanga hadi Arusha, takriban kilomita 438 za reli, ni uwanja wa kugombaniwa. Tanga hadi Mwanza, kupitia njia ya Mnyusi hadi Ruvu iliyofunguliwa mwaka 1963 na kutuunganisha na Reli ya Kati, pale treni ikiwa na mpangilio lori linaachwa mbali.

Sababu ya pili ni kurudi tupu. Saruji inapanda, nini kinashuka? Behewa likirudi bila kitu, bei ya kwenda lazima ilipie njia zote mbili. Dereva wa lori akishusha Arusha, utingo ameshaongea na dalali kwa simu: kuna vitunguu, kuna maharage, kuna mahindi ya kwenda Dar es Salaam. Anakwenda Dar, anapata mzigo mwingine wa Tanga, amefunga pembetatu bila kutembea tupu. Treni inaweza kufunga pembetatu hiyohiyo kupitia Ruvu, lakini inataka mtu aliyekaa ofisini na kazi yake kubwa iwe kutafuta mzigo wa kushuka, kama dalali anavyoutafuta. Ongeza na hili la mlima: Tanga ni usawa wa bahari, Arusha ni karibu mita 1,400 juu. Treni zetu zinapanda zikiwa nzito na kuteremka zikiwa nyepesi. Dizeli inaliwa upande uleule ambao mzigo uko.

Sababu ya tatu ndiyo inayoniuma zaidi kwa sababu dawa yake haihitaji mkopo wa nje: mzunguko wa behewa. Piga hesabu. Kilomita 438 kwa mwendo wa polepole wa kilomita 30 kwa saa ni saa zisizofika 15. Kwenda na kurudi ni siku moja na robo hivi. Lakini behewa likitoka leo Pongwe linaweza kuonekana tena baada ya wiki mbili. Siku nyingine zote limesimama. Linangoja injini, linangoja kupangwa kwenye treni, linangoja kupishana, na kuliko vyote linangoja kushushwa. Nimewahi kusimama kando ya behewa stesheni moja ya kaskazini, lakiri bado iko mlangoni, vumbi limeshaifunika, na mwenye mzigo akaniambia bila kuona haya kwamba anashusha mifuko kadiri anavyouza, kwa sababu ghala la mjini lina kodi. Alikuwa amegeuza mali ya tani 40 kuwa stoo yake.

Ukiwa na mabehewa 200 yanayozunguka kila siku 14, kwa mwezi wa siku 28 unapata safari 400. Yakizunguka kila siku 7, unapata 800. Umeongeza mabehewa 200 bila kununua hata moja. Ada ya kuchelewesha behewa isiwe ya kusameheana. Iwe kali, na ianze kuhesabika baada ya saa chache, si baada ya siku kadhaa.

Nchi iliyonifundisha kuangalia mambo haya ni Marekani. Huko reli za mizigo ni za kampuni binafsi zinazomiliki njia zenyewe. Kwa miongo mingi serikali iliwapangia bei na kuwabana wasifunge njia zisizo na mzigo, huku malori yakichukua bidhaa zote zenye faida. Penn Central, moja ya kampuni kubwa kabisa, ilifilisika mwaka 1970. Mwaka 1980 ikapitishwa Sheria ya Staggers, iliyoruhusu reli na wenye mizigo wakae mezani na kusaini mikataba yao kwa bei waliyokubaliana. Reli zikapata uhakika wa tani, zikawekeza, na kwa wastani bei kwa wenye mizigo ikashuka. Dawa ile ilikuwa na uchungu wake: njia nyingi za vijijini zilifungwa, na kampuni ziliungana hadi baada ya muungano wa 2023 zikabaki kubwa 6 tu. Sitaki tuige kufunga njia. Nataka tuige mkataba. Kiwanda kinachoahidi tani kadhaa kila wiki kwa miaka mitano kina haki ya bei ya chini kuliko mtu anayekuja na mabehewa mawili mwezi huu na kutoweka.

Nao wanaosema lori ni rahisi, waangalie nani analipia lami. Majaribio makubwa yaliyofanyika Illinois mwishoni mwa miaka ya 1950 yalionyesha kwamba uharibifu wa barabara unapanda takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli, yaani mhimili unaobeba magurudumu. Ekseli ikibeba uzito mara mbili, barabara inaumia kama mara 16. Ndiyo maana tuna mizani, na ndiyo maana kikomo cha Afrika Mashariki ni tani 56 kwa gari na mzigo wake. Tozo ya mafuta hailipi uharibifu huo wote. Unaobaki tunaulipa sisi, pamoja na wasio na hata baiskeli. Tangu 2015 kuna tozo ya maendeleo ya reli kwenye bidhaa zinazoingizwa nchini, iliyoanza kwa asilimia 1.5. Ni hatua ya haki.

Sasa bandari. Zamani meli zilitia nanga katikati ya ghuba na mzigo ukaletwa kwa matishari. Kazi iliyoanza 2019 na kukamilika 2023, kwa shilingi bilioni 429.1, imeongeza kina kutoka mita 3 hadi 13 na kutupa gati mbili zenye jumla ya urefu wa mita 450. Meli ya tani 30,000 ikifunga gatini, inataka malori 1,000 ya tani 30, au treni 38 za ukubwa ule wa mabehewa 20. Treni 38 kwenye njia moja ya kupishana stesheni kwa stesheni ni nyingi mno. Hapa nguvu inatoka kwenye urefu wa treni, na urefu wa treni unategemea urefu wa njia ya kupishania: treni isiyoenea pale haiwezi kumpisha mwenzake. Kurefusha njia hizo katika stesheni chache zilizochaguliwa vizuri kati ya Tanga na Moshi ni kazi ndogo sana ukilinganisha na kujenga reli mpya.

Reli mpya ya kisasa ya Tanga, Arusha hadi Musoma imezungumzwa kwa miaka mingi, na matawi yake yanatajwa kwenda Engaruka kwenye magadi na Minjingu kwenye fosfeti. Naiunga mkono kwa sababu ya matawi hayo. Magadi na fosfeti ni mizigo mizito inayoshuka kuelekea baharini, upande uleule ambao leo mabehewa yetu yanarudi matupu. Ningependa mikataba ya tani za Engaruka na Minjingu isainiwe kabla ya mkandarasi kuleta katapila la kwanza. Na wakati tunasubiri, fosfeti ya Minjingu inaweza kuletwa Arusha kwa lori, ikapanda behewa lililotoka kushusha saruji ya Pongwe siku hiyohiyo.