Hao si wadudu, ni mbegu za ndulele

"Dokta, walitoka saba, nimewaona kwa macho yangu!" Wiki hii nimeambiwa hivyo tena, na mgonjwa ambaye shavu limevimba hadi jicho halifunguki vizuri. Mganga alimfukiza jino kwa mbegu za ndulele (watu wa pwani huita tunguja) ili kutoa wadudu wanaodaiwa kulitoboa, akaachama juu ya bakuli la maji, na humo vikaelea vijidudu vyeupe.

Saba wa nini? Jinoni hakuishi mdudu. Pasua mbegu ya ndulele, au ya nyanya chungu ambayo ni ndugu yake, uitazame kwa lenzi: ndani mna kiinitete, yaani mche mchanga, cheupe kilichojikunja kama funza. Moto ukiipasua mbegu, kinarukia majini. Ukibisha, mwambie mganga achome mbegu zake juu ya bakuli wewe ukiwa umefumba mdomo. "Wadudu" watatoka vilevile. Ulaya nako walidanganyana hivi kwa mbegu za mmea mwingine wa ukoo huohuo, mpaka Mfaransa Pierre Fauchard, tabibu wa meno, alipoandika mwaka 1728 kwamba aliwatafuta wadudu hao kwa hadubini asiwaone.

Kinachotoboa jino ni asidi. Bakteria wa mdomoni wanakula sukari ya chai na soda yako, asidi wanaitoa wao.

"Lakini maumivu yaliisha!" Yaliisha kwa sababu kiini cha jino kimekufa. Usaha sasa unatafuta njia chini kwa chini, na ukiteremka shingoni unaweza kukuziba pumzi. Jino hili miezi mitatu iliyopita ningeliziba. Juzi nimeling'oa.

Kutafuna mzizi wa ndulele kutuliza jino? Wapo wanaopata nafuu, siwabishii, ila tundu liko palepale. Kwamba dawa ya asili haidhuru: solanini, sumu ya ndulele, nayo ni ya asili, na inatapisha na kuharisha, ikizidi inavuruga fahamu na mapigo ya moyo. Tunda kugeuka manjano hakuliondolei sumu, kunalifanya limvutie mtoto tu. Na mbuzi akibanwa na kiangazi akalila kwa wingi, muulize mfugaji jinsi mnyama huyo anavyoyumba.

Usiku piga mswaki kwa dawa yenye floridi, kisha tema povu, usisukutue. Maji yanaiondoa floridi kabla haijafanya kazi. Hili namwambia kila anayekalia kiti changu, na bado wanasukutua.