Kabla mtoto hajakremu elementi 20, msimulie zilivyopatikana

Sisi wakemia huwa tunapokea wanafunzi wa sekondari za hapa Dar kwenye maabara yetu, wa Temeke, wa Kinondoni, wa Ubungo, na ukimwambia mtoto wa Form Two akutajie elementi 20 za mwanzo anazimwaga zote bila kupumua, haidrojeni heliamu lithiamu mpaka kalsiamu, ila muulize watu walijuaje kwamba fosforasi ipo, kimya. Hapo ndo tumewanyima utamu wenyewe, maana kila kisanduku kwenye lile jedwali la elementi kuna mtu alikesha nacho, na ukijua alikuwa anatafuta nini unaanza kuelewa kwanini hiyo elementi ina tabia iliyonayo.

Chukua hiyohiyo fosforasi. Mwaka 1669 kule Hamburg, Ujerumani, jamaa anaitwa Hennig Brand alikuwa anatafuta dhahabu, akakusanya mkojo mwingi sana, akauchemsha mpaka ukabaki mashapo, akazidisha moto, kikatoka kitu cheupe kinachong'aa gizani. Dhahabu hakupata. Sasa mtoto akiuliza kwanini ilitoka kwenye mkojo umeshaingia kwenye kemia ya mwili, kwamba fosforasi iko kwenye mifupa na kwenye seli na inayozidi inatolewa kwa mkojo, na ndo maana karne iliyofuata wakemia wa Sweden wakaja kuitoa kwenye mifupa. Leo fosforasi nyekundu iko ubavuni mwa kiberiti pale unapochuna njiti, na madini ya fosfeti yanachimbwa Minjingu kule Manyara kutengenezea mbolea. Ila tafadhali sana mtu asijaribu mambo ya Brand nyumbani, fosforasi nyeupe ni sumu na inawaka yenyewe ikikutana na hewa.

Lakini stori ninayoipenda kuliko zote ni ya Mrusi Dmitri Mendeleev. Mwaka 1869 elementi zilizojulikana zilikuwa 63 tu, akazipanga kwa uzito wa atomu na kwa tabia, alafu akafanya kitu ambacho wengi wasingethubutu, penye elementi isiyokaa vizuri akaacha nafasi wazi akasema hapa kuna kitu bado hatujakipata. Na hakuishia hapo, akatabiri kabisa kwamba chini ya alumini itakuja elementi yenye uzito wa atomu karibu 68, densiti (yaani uzito wa kitu kwa ujazo wake) karibu 6, inayoyeyuka kwa joto dogo. Mwaka 1875 Mfaransa Lecoq de Boisbaudran akaipata, ni galiamu, akapima densiti akapata 4.7. Mendeleev, ambaye hata kipande chake hajawahi kukishika, akamwandikia kwamba sampuli yako itakuwa haijasafishwa vizuri, pima tena. Jamaa akasafisha, akapima, ikatoka 5.9! Yaani mtu yuko Urusi na karatasi yake anamsahihisha aliye na metali yenyewe mkononi. Na hiyo galiamu inayeyuka kwenye nyuzi joto 30 hivi, kwahiyo kwa joto la mchana wa Februari hapa Dar ukiiweka kwenye meza ya darasa lisilo na feni itageuka kimiminika wanafunzi wakiiangalia.

Heliamu nayo ina maajabu yake, watu waliona dalili yake kwenye mwanga wa jua wakati wa kupatwa kwa jua mwaka 1868, ila duniani ikaja kupatikana 1895 pale London na William Ramsay, ndani ya madini ya urani. Na mwaka 2016 ikatangazwa kwamba chini ya ardhi ya Rukwa, hapahapa kwetu, kuna hazina kubwa ya heliamu, gesi inayotumika kupooza mashine za MRI, zile za kupiga picha za ndani ya mwili hospitalini. Mwanafunzi wa Tanzania anatakiwa ajue hilo kabla hata hajaambiwa heliamu ni namba 2.

Mwalimu wangu najua utasema silabasi ndefu, kemikali hakuna, darasa limejaa. Hili linataka chaki tu. Andika ubaoni lithiamu 7 na potasiamu 39, waambie sodiamu inakaa katikati yao na inafanana nao tabia, watafute uzito wake, watajumlisha watagawa kwa 2 watapata 23, na ndo yenyewe. Mjerumani Johann Döbereiner alichapisha mahesabu ya namna hii mwaka 1829. Kisha wape kalsiamu 40 na bariamu 137 watafute strontiamu. Mwisho wape klorini 35.5 na iodini 127 watafute bromini, itatoka 81 na kidogo wakati kitabuni ni 80, na hapo usiwape jibu haraka, waache wabishane kwanini imekaribia tu na haijalingana, kipindi kikiisha wakiwa bado wanabishana wacha waende nao nyumbani.