Bima Kubwa na Gari la Kutumia Wakati Lako Liko Gereji
Hapa Mwanza, kuanzia gereji za Nyakato hadi Igoma, imezoeleka kusemwa kwamba mwenye bima kubwa, gari lake likigongwa, hupewa na kampuni gari jingine la kutumia mpaka lake litengenezwe. Sivyo. Bima kubwa hulipia uharibifu wa gari lenyewe, wizi na moto, pamoja na madai ya watu wengine. Gharama ya kukodi gari kwa kawaida ni kinga ya nyongeza, ambayo huombwa na kulipiwa kabla ya ajali, na hata ikiwepo huwa na ukomo wa siku na wa kiasi cha fedha kwa siku. Ukomo ukiwa siku 10, na kipuri kinachotoka Dar es Salaam kikachelewa hadi siku ya 18, siku 8 zilizobaki utazilipia mwenyewe, jambo linalowaumiza sana wanaoishi kwa gari, kama wafanyabiashara wa dagaa wa Mwaloni, Kirumba. Kosa likiwa la dereva mwingine, unaweza kumdai yeye gharama za lazima za usafiri, mradi umetunza risiti. Mkataba ukiwa umeandikwa kwa Kiingereza, mwombe wakala akuonyeshe kwa kidole mstari unaotaja gari la kukodi. Usipokuwepo, kinga hiyo huna.